Rangi ya Miaka Kumi

Mume wangu ni fundi rangi, na mtaani wanamwita Mikono Mitatu kwa sababu hajawahi kukubali kupaka ukuta chini ya mikono mitatu, yaani matabaka matatu ya rangi. Wateja humbembeleza, wengine humfokea, yeye huzifunga brashi zake kwenye gazeti na kuondoka. Ni mkaidi kupindukia. Nimeishi naye miaka ishirini na miwili, najua ninachosema.

Kabla ya kufungua kopo lolote, hubandika ukutani kipande cha nailoni, ukubwa wa daftari, akakiziba pande zote nne kwa selotepu. Hukiacha kutwa kucha. Akikibandua akakuta kina matone kwa ndani, haanzi kazi. "Ukuta unatoa jasho," humwambia mwenye nyumba. "Ukiufunika sasa utaoza." Nimeona watu wazima wakisubiri wiki tatu kwa ajili ya kile kipande.

Kwa mama yake hakukibandika.

Mama mkwe aliishi peke yake kwenye nyumba ya matofali mabichi, aliyoyafyatua yeye na marehemu mumewe. Kila mwaka kabla ya mvua aliipaka chokaa mwenyewe. Magoti yalipokataa ngazi, akamwita mwanawe. "Niletee chokaa tu, baba," alisema. "Sitaki makubwa. Nataka nifie humu ndani, basi."

Mume wangu alicheka. Fundi mzima, mama yake akae kwenye nyumba ya chokaa? Watu wangemwonaje? Akaenda na rangi ya mafuta, ile nzito inayong'aa. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, kwa hiyo akaruka kipimo chake. Nilikuwepo, nikamuuliza nailoni iko wapi.

"Ukuta huu nimekua nao," akanijibu. "Naujua."

Nikanyamaza, na kunyamaza kule kunanikera hadi leo.

Alipaka mikono yake mitatu. Nyumba ilipendeza, siwezi kusema uongo. Majirani walisimama barabarani kuitazama. "Hii inakaa miaka kumi, mama," alisema, akamwahidi kwamba hakuna atakayemhamisha pale.

Mvua zilipokatika, malengelenge yalikuwa yameota kwenye rangi karibu na msingi. Mume wangu alilitumbua moja kwa kidole, maji ya rangi ya chai yakamtiririkia hadi kwenye kiwiko. Chokaa ingeyaacha maji ya ardhini yatoke taratibu. Mafuta yaliyafungia ndani. Chumbani, ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa umevimba, ukiubonyeza kidole kinazama. Siku hiyohiyo tulimtoa mama mkwe tukamleta kwetu.

"Unaukausha tu?" alimuuliza mwanawe.

"Naukausha tu, mama. Ukikauka nakurudisha." Akamweleza habari ya kipande cha nailoni kama anavyowaeleza wateja, na mama akaelewa upesi kuliko wateja wote.

Wiki ya pili ukuta ule ulilala chini, ukavuta na paa. Mume wangu alikwenda na nyundo akaziangusha kuta zilizobaki, maana watoto wa jirani walikuwa wakicheza pale. Nilimsaidia kubeba. Udongo ulikuwa tope tupu, lakini rangi ilibanduka nzima nzima, haina ufa, pana kama mkeka. Aliikunja polepole. Kisha akakaa juu ya kifusi akalia kwa sauti, mwanaume wa miaka hamsini.

Hakumwambia mama yake. Nilimsihi amwambie, kwa upole, halafu kwa ukali. Kila jioni mama mkwe aliuliza, "Nailoni imesemaje leo?" na kila jioni akajibiwa, "Bado ina matone, mama." Akazidi kukonda. Akaacha kutembea hadi mlangoni, uji akawa anaurudisha nusu.

Halafu jioni moja akabadilisha swali. "Kilete hicho kipande nikione mwenyewe."

Mume wangu alitoka nje. Nilidhani amekwenda kulia, na kwamba akirudi atausema ukweli. Alirudi na kipande kipya kutoka kwenye mfuko wake wa kazi. Angeweza kukimwagia maji kidogo. Sijui kwa nini hakufanya hivyo, na sijamuuliza.

Mama mkwe alikishika, akapitisha kidole gumba upande huu na upande ule, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Kikavu," alisema.

"Kikavu, mama."

"Haya. Kesho asubuhi nirudishe nyumbani."

Mume wangu aliitikia kwa kichwa akiangalia sakafu. Mama mkwe akaniomba begi lake. Alikuwa hajasimama siku nne, lakini alisimama, akaanza kukunja nguo zake moja moja juu ya kitanda, nami nikamshikia begi libaki wazi.