Doa Dogo Juu ya Sikio

Ko, ko, ko. Mlio wa mashine ya sumaku ya kupigia picha za ubongo ulimfuata hadi nyumbani, akausikia hata akikatakata vitunguu. Hospitalini walimwita Bi Tulia, maana ndilo neno aliloshinda akiwaambia wagonjwa wakiingizwa mle ndani. Kupiga picha alikuwa fundi. Kuzichambua picha za ubongo ukiwa kazini, hilo ndilo alilokuwa akijifunza ukubwani.

Kilichomsukuma ni kaka yake. Tangu apatwe na kiharusi hakusema wala kuitika, macho darini. Kila asubuhi mama yao aliketi kando ya kitanda akimpa habari za majirani, hadi siku alipochoka.

"Niambie kweli, mwanangu. Ananisikia, au naongea na mto?"

Bi Tulia akaomba ruhusa ya kumpima kaka, daktari akaridhia. Wakamlaza kaka mashineni, wakamsikilizisha sauti ya mama, kisha ya mgeni. Bi Tulia alipofungua picha, doa jekundu likawaka kila mama aliposema. Akamwita mwalimu wake wa uchambuzi, machozi yakimlengalenga.

Mwalimu akasogeza kiti. "Shoga, mbona doa lako limeganda ukingoni mwa ubongo, kama ukoko wa sufuria? Hicho ni kichwa kimetikisika. Halafu kipimo cha kuamua kipi kiwake umekilegeza. Kilegeze tena kidogo, hata mto utawaka."

"Mgonjwa wangu atikisike? Mimi, Bi Tulia mzima?"

"Ulimwambia atulie?"

Bi Tulia akakumbuka. Wagonjwa wote huwaambia. Kaka yake tu hakumwambia, kwa kuwa moyoni alikwisha kuamua kwamba hasikii.

Wakarudia. Safari hii alipanga kipimo kabla ya kuona picha yoyote, akabana kichwa kwa sponji, kisha akainamia sikio la kaka. "Tulia, kaka yangu. Ni mimi."

Mstari unaoonyesha mtikisiko wa kichwa ukatoka mnyoofu. Huenda ni sponji, si kwamba amenisikia, alijionya. Lile doa kubwa likayeyuka. Likabaki jingine, dogo kama punje, juu ya sikio, likiwaka kwa sauti ya mama tu. Na walipopiga mara ya pili, likarudi palepale.

Mama alikuwa akingoja kando ya kitanda cha kaka.

"Picha haisemi kama anaelewa maneno, mama," Bi Tulia alimwambia. "Inaonyesha tu kwamba sauti yako, kwake, si sauti ya mgeni."

"Sasa mimi nifanyeje?"

Bi Tulia akamvutia kiti karibu na mto, akamketisha.

"Endelea kumsemesha," alinong'ona.