Maombi Mbele ya Injini ya Moto

Sikuwahi kutaka kubaki mahali popote, ila kwenye lori lile nilitaka.

Lilikuwa la mama mmoja Mkongomani, mjane, aliyenunua chisense, vidagaa vya Ziwa Mweru, kule Mununga na kuviuza Nchelenge. Dereva alikuwa mdogo wake. Mimi nilikuwa utingo, mtu mzima aliyeishia darasa la saba na anayesoma kila kibati kilichopigiliwa kwenye chuma.

Kibati cha turbo kilisema Japani. Nilipoifungua kuisafisha nilishangaa udogo wake: magurudumu mawili ya mapanga, moja huku, moja kule, yameunganishwa na kijiti chembamba kuliko kidole. Moshi wa injini, ambao magari mengine huutupa tu, unazungusha gurudumu la kwanza. La pili linazunguka nalo na kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikizidi, dizeli nyingi zaidi inaungua, na injini ndogo inavuta kama kubwa. Kijiti kinaelea kwenye oili. Ukizima ghafla injini ikiwa moto, oili inakoma kuja kijiti bado kinazunguka, na iliyobaki inaungua na kuwa masizi magumu.

Sisi tulizima ghafla kila safari. Mama alitaka lori likifika tu, kabla mtu hajashuka, injini inyamaze, vichwa viiname, Mungu ashukuriwe kwa barabara. Nilimwomba aiache iungurume taratibu dakika chache kwanza. Dereva akacheka, akauliza kama Mungu naye angoje turbo ipoe. Kwa hasira nikasema, mbele ya abiria wote, kwamba turbo hiyo itakufa kabla ya mvua.

Ilikufa kabla ya mvua. Karibu na Kafutuma ilipiga mluzi, moshi wa buluu ukatufunika, na mchanga ukatushinda. Niliifungua, nikamwonyesha mama kijiti kilivyokuwa cheusi, kinacheza kama jino bovu. Nadhani nilikuwa natabasamu. Hakukiangalia kijiti. Aliniangalia mimi.

"Weye njo ulisema itakufa. Ulijua namna gani?"

Nikaanza kueleza habari ya oili.

"Mutu muzuri hasemake kifo ya kitu ya mwenzake."

"Ni masomo yake ile, yaya," dereva akamwambia dada yake. "Kumbe banafundishaka na bulozi."

Abiria wakacheka kusikia kwamba shuleni kunafundishwa na uchawi. Mama hakucheka. Aliwaita wote wazunguke lori waombe, akaniambia nisimame kando, mbali. Nikasimama mchangani, mikono imejaa oili, nikisikiliza watu niliowapakilia magunia asubuhi wakimwomba Mungu alitenge lori na jicho baya. Walipomaliza, begi langu lilikuwa limeshushwa.

Baadaye nilisikia sokoni kwamba wamefunga turbo nyingine, na mama anawaambia watu lori limepata amani tangu niondoke. Labda. Turbo haifi siku ya kwanza.