Mwalimu Aliyezuiwa Kuchora Vilima

Saa moja asubuhi, ukungu umefunika Mususa, mjini Butembo, mashariki mwa Kongo, hata paa la shule halionekani kutoka barabarani. Nyuma ya madarasa, wanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari wamezunguka rundo la udongo linalowafika magotini. Limefinyangwa likawa mlima wenye mteremko, bonde na mto mdogo uliochimbwa kwa kidole.

Mwanamke mfupi aliyejifunga kitambaa cha manjano kichwani anainua kopo la maji lililotobolewa matundu kitakoni. Maji yanadondoka juu ya mlima kama manyunyu.

"Muangalie fasi maji inapita," anawaambia, akionyesha mahali maji yanapopita. "Musiangalie miye."

Huyo ni Jeannine Bolonga, mwalimu wa jiografia mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. Wanafunzi na wazazi humwita Madame Jeannine. Anafundisha hali ya hewa, tabianchi na sura ya nchi. Tangu Oktoba iliyopita, somo hilo analifundisha kwa udongo, kwa sababu kuchora vilima alikatazwa na watu wenye bunduki.

Alizaliwa Mbandaka, kando ya mto Kongo, mbali sana magharibi. Serikali ilimpangia kazi Butembo mwanzoni mwa mwaka 1998. Kiswahili hakukijua, alikuja na Kilingala na Kifaransa chake, akafundishwa maneno ya hapa na wanafunzi wenyewe, ambao mpaka leo humrekebisha bila woga.

"Kwetu ni tambarare," anasema. "Sikuwaka nimeona mulima hata moja. Juma ya kwanza hapa nilitetemeka, nikawaza ni malaria. Munganga wa dispensaire alinipima, akaniambia: Madame, hii ni baridi tu."

Kilichomshangaza zaidi ni kwamba Mbandaka na Butembo zote zimekaa karibu kabisa na mstari wa ikweta. Jua linalopiga kule ndilo linalopiga huku. Kinachotofautisha miji hiyo ni mwinuko, maana Butembo iko karibu mita elfu moja na mia nane juu ya bahari, na hewa hupoa kadiri inavyopanda. Jambo hilo alikuwa amelikariri chuoni, lakini anasema alilielewa siku ile alipotetemeka.

Ndiyo maana somo lake huanzia kwenye ngozi na jikoni kabla ya kufika ubaoni. Huwauliza wanafunzi kwa nini maharagwe ya mama zao hukawia kuiva, kisha huwaeleza kwamba huku juu maji huchemka kabla hayajapata moto wote yanaoupata bondeni.

Agosti mwaka huo huo wa 1998 vita vilianza, na mstari wa mapigano ukapita kati yake na kwao. Mama yake alibaki upande wa serikali, yeye akawa upande uliotekwa na waasi. Habari za nyumbani humfikia kwa vikaratasi vya Msalaba Mwekundu, tena kwa nadra. Mshahara wa serikali ulikatika. Wazazi wa wanafunzi, wengi wao wakulima na wachuuzi, wakaanza kumletea maharagwe, viazi na vitunguu majani, naye akaendelea kufundisha.

Jumamosi moja ya Septemba iliyopita, aliwapandisha wanafunzi juu ya kilima kilicho nyuma ya shule. Aliwaambia wachore wanachokiona: mgongo wa kilima, mabonde, njia ya mto, na mishale ya kuonyesha upepo unaoleta mvua unatoka wapi.

Wakiwa katikati ya kazi, askari wanne wa waasi walipanda kutoka kwenye kizuizi chao cha barabarani. Walikusanya michoro yote, wakawaamuru watoto kurudi nyumbani, wakamchukua mwalimu hadi kambini kwao.

Kamanda alitandaza michoro mezani na kuuliza mishale ile inamwelekeza nani kupiga wapi. Jeannine alimjibu kwa Kilingala, akidhani lugha ya jeshi ingemsaidia. Kumbe alikuwa anajiongezea shida. Kamanda alimuuliza ametoka wapi, naye akajibu Mbandaka.

"Aliniuliza: mutu wa upande ya adui anachora vilima yetu kwa nini?" anakumbuka. "Nilimuambia ni mvua. Nikarudilia: ni mvua tu. Hakuniamini, nami nikaona na miye nisingeamini kama ningekuwa yeye."

Aliwekwa kwenye chumba kisicho na kiti. Anasema hakupigwa, ila alisikia askari wakijadili nje kama wampeleke mbali, na hapo ndipo alipokaa sakafuni.

Mchana wazazi walianza kufika. Wa kwanza alikuwa Rébecca Katungu, muuza vitunguu majani sokoni, ambaye binti yake Séphora yuko katika darasa hilo. Alikuja na kapu lake la biashara, akalitua mbele ya lango la kambi, akakaa kando yake. Wengine wakaja wakakaa naye. Hawakupiga kelele. Kila askari aliyewauliza wanataka nini alijibiwa kwamba wanamngoja mwalimu wa watoto.

Kabla ya jioni kamanda alimwachia. Michoro haikurudishwa, na amri ilikuwa fupi: hakuna kuchora vilima tena, wala kupandisha watoto kileleni.

Kwa majuma kadhaa baadaye Jeannine aliwaza kuacha kazi auze mafuta ya mawese. Mkuu wa shule, Mathe, alimshauri afundishe kwa kusoma kitabu tu, asubiri vita vipite.

"Nilijaribu. Nilisoma kitabu, batoto bakalala," anasema. "Basi nikawaza: walikataza karatasi. Udongo hapana kukataza."

Walifinyanga mlima wa kwanza mwezi wa Oktoba. Upande mmoja walipanda majani mafupi, upande wa pili wakauacha mtupu, kama miteremko mingi ya Butembo ambayo miti yake imekatwa kwa ajili ya kuni na kuchoma matofali. Chini ya kila upande waliweka vijumba vya vijiti.

Usiku huo mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi walikuta upande wenye majani umesimama. Upande mtupu ulikuwa umepasuka makorongo, na tope limefunika vijumba vyote.

Séphora, mwenye umri wa miaka kumi na minne, aliangalia kwa muda mrefu kisha akaenda nyumbani kumwambia mama yake kwamba nyumba yao iko mahali kama pale palipofunikwa na tope.

"Nilikasirika," anasema Rébecca. "Nilijenga pale sababu ndio fasi tulipata. Mutoto anakuja kuniambia nyumba itakufa? Lakini nilipofika shuleni nikaona ile udongo, nikaamini."

Alimuuliza mwalimu afanye nini. Jeannine alimwambia ukweli: kilima hakiwezi kuzuiwa, ila maji yanaweza kupunguzwa mwendo. Kuanzia Novemba, Rébecca na mumewe walichimba mitaro ya kukata mteremko kwa upana, na kwenye kingo wakapanda majani marefu ya kulishia mbuzi. Wanafunzi walisaidia siku za Jumamosi. Majirani wengine waliwacheka kwa kupoteza shamba zuri.

Aprili mwaka huu, mvua ilipiga mchana kutwa na kilima kikaporomoka. Udongo ulishuka hadi mtaro wa kwanza, ukaujaza, ukaruka, ukapungua nguvu kwenye wa pili. Kilichofika chini kiliangusha jiko la Rébecca na kuua mbuzi mmoja. Nyumba ilisimama, na watu wote watano waliokuwa ndani walitoka wazima.

Jeannine alifika akikimbia, akawakuta wamesimama uani, miguu imezama kwenye tope. Rébecca alimshika mikono yote miwili, akamwambia "wasingya", yaani asante kwa Kinande. Mwalimu anasema alilia palepale mbele ya wanafunzi wake, na hakuona aibu. Majirani waliocheka sasa nao wanachimba.

Mpango wake wa sasa uko barabarani. Kitsa, dereva wa lori anayebeba maharagwe kutoka Kanyabayonga hadi Beni, amekubali kulichukua darasa mwezi wa Julai, mvua zikipungua. Beni iko chini ya Butembo kwa mita mia kadhaa, na wanafunzi wengi hawajawahi kufika. Jeannine anataka lori lisimame kila baada ya muda, watoto washuke waone viazi vinapokoma, michikichi inapoanza, na msitu unapokaribia.

Kibali cha safari lazima kitoke kwa wenye bunduki. Amesema ataenda kukiomba mwenyewe, Jumatatu.

"Mutoto wa hapa akisikia Beni, anawaza vita tu," anasema. "Nataka ashuke kule asikie joto kwa ngozi yake. Séphora ameniuliza kama abebe koti. Nimemuambia abebe. Atalivua njiani."