Mwanafunzi wangu wa field alipasua ng'ombe wa kimeta kwa mikono mitupu

Wakuu, nawasalimu kutoka Kamina, Kongo. Kiswahili chetu cha Katanga mnakijua, leo nimejitahidi kukinyoosha kidogo. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mpaka leo simu ikiita asubuhi naogopa kupokea.

Nilisoma chuo kikuu hapa hapa Kamina, kitivo cha kilimo, upande wa mifugo. Siku ya kumaliza ndugu walinimwagia poda kichwani mpaka nikafanana na mwizi wa unga. Ndivyo tunavyosherehekea huku.

Kisha nikakaa mtaani. Nikafundisha shule, nikauza vocha, mwisho nikapata kazi ya kusimamia shamba la ng'ombe upande wa Kaniama.

Sasa chuo chetu kina kawaida moja. Ukipata kazi, hawakuachi. Kila mwaka walimu wanawapigia simu wahitimu wa zamani: nani atapokea wanafunzi wa stage? Nyie mnaita field. Ukikataa utasemwa kwenye group la WhatsApp mpaka ujitoe mwenyewe.

Mimi wala sikutaka kukataa. Nilikuwa na hamu ya kuitwa "Chef", yaani bosi.

Wakaletwa wawili, kijana Ngoy na binti anaitwa Kapinga. Mama yake Kapinga anauza unga wa mahindi kule Base, kambi ya wanajeshi. Siku ya kuondoka alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki, akanishika mkono.

"Chef, miye niko na uyu mutoto moya tu. Ninakupatia yeye, utanirudishia yeye."

Nikacheka. Nikamwambia mama, usiwe na wasiwasi.

Kabla sijaendelea, mjue kitu kimoja. Chuoni kwetu mifugo tunaisoma kwa kuchora. Ng'ombe wa kupasua hakuna. Tunachora ini, tunachora bandama, tunakariri, tunafaulu. Kwa hiyo kila mwanafunzi anaota siku ya kushika kisu mwenyewe.

Asubuhi moja nilikwenda kijiji cha jirani kutafuta chumvi ya mifugo. Kurudi, namwona Kapinga anakuja mbio kunipokea, mikono imejaa damu mpaka viwikoni, anacheka.

"Chef, kuya uone! Ngombe moya ilikufa, tukapasua! Rate yake iko mukubwa, nyeusi, njo vile iko mu syllabus!"

Rate ndiyo bandama. Nikakimbilia kwenye mzoga. Ng'ombe mzima jana, leo amekufa ghafla, bandama limevimba, damu inatoka puani na haigandi. Wafugaji humu mshajua.

Kimeta. Na mzoga wa kimeta haupasuliwi kamwe, maana ukiufungua umeachia ugonjwa. Kapinga alikumbuka mchoro, jina la ugonjwa likawa limemtoka.

Halafu nikaona kidole chake. Alikuwa amejikata akimenya mihogo.

Wakuu, niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nikawanawisha kwa sabuni na maji mengi, na wao wakaanza kulia kabla sijawaeleza.

Network kule inashika juu ya kichuguu kikubwa nyuma ya zizi. Nikapanda, nikampigia mwalimu wetu wa magonjwa ya mifugo. Tunamwita CT, ni cheo cha chuoni. Nilikuwa sijampigia tangu nimalize. Nikaanza kumweleza habari za ng'ombe, akanikata.

"Ngombe uache. Ni banani baligusa? Kuko mwenye kidonda?"

Akaniamuru: wote waliogusa wapelekwe kituo cha afya leo, mzoga uzikwe palepale kwa chokaa, nyama isiliwe hata kipande.

Hapo kwenye nyama ndipo kulikuwa na vita. Papa Kasongo, mchungaji wetu mkuu wa ng'ombe, alishaanza kugawa mapaja. Ng'ombe akifa, nyama ni ya wachungaji, ndiyo desturi ya pale.

"Weye ulisomaka, mushahara unapata," akaniambia. "Batoto betu balale na njala juu ya syllabus?"

"Papa, hii nyama itaua batoto."

"Tunakulaka tangu zamani!"

Sikubishana. Nikachukua dizeli ya jenereta, nikaimwaga juu ya nyama yote. Alinitukana Kiluba chote anachokijua, ila akaja kusaidia kuchimba shimo.

Muuguzi wa kituo cha afya alianza sindano siku hiyo hiyo. Ngoy na wachungaji hawakuugua. Lakini kwa Kapinga, siku chache baadaye, kikatokea kipele kama cha kuumwa na mbu. Kikawa lengelenge. Kisha katikati pakawa peusi, na mkono ukavimba.

"Chef, haiumi," akawa ananiambia, ananifariji mimi! Hajui kwamba kidonda cha kimeta huwa hakiumi. Sikumwambia.

Kumpigia mama yake kulinishinda. Nilipanda kile kichuguu, nikashika simu, nikashuka. Utanirudishia yeye: hayo maneno yalikuwa yananifuata mpaka chooni.

CT alifika kwa pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na dawa za ziada kwenye begi. Yeye ndiye aliyempigia mama, kwa utulivu, mimi nimekaa pembeni kama mshtakiwa. Akabaki nasi mpaka uvimbe ukaanza kushuka.

Kapinga alipona. Ameachiwa kovu kwenye kidole.

Siku yake ya kumaliza chuo, mama alimmwagia poda, kisha akaja kwangu, mikono myeupe. Nikajua leo natukanwa.

"Mutoto ulinirudishia," akasema. "Sasa umutafutie kazi."

Nikamtafutia, kwenye shamba lingine. Mwaka huu chuo kimempelekea wanafunzi wake wa kwanza. Juzi asubuhi simu ikaita, jina lake. Nikapokea.

"Chef, ngombe moya ilikufa usiku. Hakuna muntu aligusa."

Nilikaa chini palepale. Sina aibu kusema nililia.

Nilichojifunza: kupokea wanafunzi wa chuo chako ni heshima, lakini kabla hujawapa kisu, wape woga. Na chuo hakiishi siku ya poda. Siku ile ya kimeta sikuwa na mtu mwingine wa kumpigia.

Mliomaliza vyuo, namba ya mwalimu wako unayo bado? Na mliowahi kukabidhiwa mtoto wa mtu kazini, mlilala vipi? Tuambizane.