Ushuhuda wa Sifuna kwa Omukoki Wake

Sifuna hakutaka kuombwa radhi. Alitaka siku moja tu, mbele za watu, Makokha akiwa amesimama hana pa kuuficha uso. Kwa miezi mitano aliitunza hamu hiyo kama mtu anavyofuga kuku wa Krismasi, akiilisha kila asubuhi.

Wawili hao walizaliwa Ndalu, wakatahiriwa Agosti moja, wakapakwa matope ya kijito kimoja. Basi ni bakoki, na kwa Wabukusu mtu na omukoki wake hutaniana bila mpaka. Anaweza kukutukana mbele ya mkweo, nawe huna ruhusa ya kununa. Ukinuna, mwenye makosa ni wewe. Ni desturi nzuri, ila ikiangukia mdomo kama wa Makokha, Mungu akulinde.

Sifuna alikuwa mpakiaji wa mahindi Moi's Bridge, mtu wa kubeba gunia la kilo tisini huku akipiga mluzi. Alipofika miaka ishirini na sita mwili ukamgomea. Alichoka kabla ya saa nne, alisikia baridi juani, uso ukamvimba, na kitandani alimpa Nabwile mkewe mgongo. Siku moja Makokha, aliyekuwa na jimu ya kunyanyua vyuma mjini Kitale, akamtazama mbele za watu akacheka.

"Omukoki, wewe ni mwanaume ama gunia imenyeshewa? Ati bibi analala tu na ukuta! Hiyo ni homoni ya kiume imeisha, bana. Kuja nikudunge."

Akamdunga. Hakumpima damu, hakumuuliza hata anaumwa wapi. Kila wiki mbili sindano ya homoni, nyuma ya pazia, kwa miezi kumi na minne. Mwanzoni Sifuna alipata misuli na hasira za bure, na Makokha akampiga picha kifua wazi. Lakini uchovu haukwisha, baridi haikwisha, na mtoto waliyemngojea hakuja. Kule Ndalu shangazi za Sifuna wakaanza kumnong'ona Nabwile kwamba ni tasa.

Nabwile ndiye aliyemburuta mumewe hadi Bungoma, kwa Daktari Nafisa mwenye kliniki karibu na msikiti. Damu ikachukuliwa, mbegu za kiume zikapimwa. Majibu yalipotoka daktari hakuwaficha kitu.

"Ugonjwa wako ulianzia hapa," alisema, akigusa koo lake mwenyewe. "Tezi ya shingo inafanya kazi pole sana. Kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya chai, na ungekuwa umepata nafuu kitambo. Sasa hizo sindano ndizo zimeleta shida ingine. Mwili ukipewa homoni kutoka nje, unaacha kutengeneza yake. Mbegu hakuna, ndugu yangu. Hata moja."

"Zitarudi?"

"Kwa wengi hurudi. Inaweza kuchukua mwaka, ama zaidi. Lakini siwezi kukuapia."

Sifuna akaacha sindano, akaanza kidonge. Uso ukapungua, baridi ikamtoka, na nguvu ziliporudi zilirudi na kisasi. Hakumwambia Makokha neno. Alikuwa amesikia kwamba jamaa anafungua jimu ya pili karibu na Kibabii, penye vijana wa chuo, na kwamba amechapisha bango kubwa lenye picha ya Sifuna. Kisha simu ikalia: Makokha mwenyewe akimwomba aje kutoa ushuhuda.

"Nitakuja, omukoki," alisema Sifuna. "Nitakuja na bibi."

Siku ya ufunguzi vijana walijaa, soda mkononi, na wengine walikwisha andika majina yao kwenye orodha ya kudungwa. Sifuna akapewa kipaza sauti.

"Huyu mtu amenidunga miezi kumi na nne na hakunipima hata joto. Mimi nilikuwa mgonjwa ya shingo, yeye akatibu suruali. Leo sina mbegu hata moja. Sifuri, watu wangu!"

Watu wakaangua kicheko. Makokha alicheka kuwashinda wote, akamkumbatia begani. "Huyo ni omukoki wangu! Si mnajua bakoki? Hawana adabu hawa!"

Sifuna akainua karatasi ya daktari. Wakacheka mpaka soda zikamwagika. Maneno aliyoyalimbikiza miezi mitano yaligeuzwa utani kwa dakika moja, na aibu aliyojivua nguo kuionyesha ikawa kichekesho. Alikwisha kaza ngumi. Alijua akimpiga atakuwa amenuna, na Makokha atashinda tena.

Ndipo Nabwile akainuka kitini, akamnyang'anya mumewe kipaza sauti.

"Mimi si omukoki ya mtu," alisema. "Mimi nimeolewa tu, sina ruhusa ya kutania Makokha. Hiyo karatasi nilikuwa hapo ikisomwa. Mwaka mzima naitwa tasa. Makokha, niangalie, uniambie kama mimi nacheka."

Makokha hakumwangalia. Kicheko kikafa, kuanzia mbele hadi mlangoni. Kijana mmoja wa chuo akauliza, "Kwani wewe hupimi watu damu kwanza?" Makokha akacheka peke yake. Kijana akaichukua orodha, akalikata jina lake, akampa kalamu aliyefuata.

Sifuna alifurahi. Sitamsingizia utakatifu: alisimama pale akitazama kalamu ikipita mkono kwa mkono, na kila jina lililokatwa lilimshukia rohoni kwa utamu.

Ukumbi ulipobaki mtupu, Makokha alisema kwa sauti ndogo, "Omukoki, umenimaliza."

"Bado," Sifuna akajibu. "Nikipata mtoto, tumemalizana. Nikikosa, kila mahali utafungua mlango utanikuta."

"Utatukuta," Nabwile alisema.

Waliling'oa lile bango wakaenda nalo. Ni turubai nzuri, haipitishi maji, na hadi leo wanaanikia mahindi juu yake uani. Nabwile huilaza picha ikitazama chini, na kila asubuhi, kabla ya kuweka chai mezani, humpa mumewe kidonge na kuhesabu miezi.