Mwenyekiti na Chupa ya Majani

Jamani, nimeaibika mpaka nacheka peke yangu! Hapa Chonyonyo mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha familia ambazo watoto wao waliumizwa wakiwa bado tumboni na dawa walizomeza mama zao. Juzi nikasimama mbele ya akina mama na nesi, kanga mpya begani, nikafoka: "Mjamzito, usinywe dawa yoyote bila kumuuliza nesi! Hata mama mkwe akikubembeleza, kataa!"

Makofi hayo!

Mimi nilijua dawa ni vidonge tu. Basi mke wa mwanangu, mwenye mimba ya miezi saba, akainuka na chupa ya majani niliyomchemshia asubuhi ili ajifungue vizuri.

"Mama, sijaonja bado. Nikukatalie hapahapa, au tukifika nyumbani?"