Kiti cha Upande wa Kulia

Sipendi mtu akae karibu nikifanya kazi. Nikiwa chini ya gari sitaki kuona viatu vya mtu mwingine. Mzee Rasik alilijua hilo vizuri, na bado kila Jumamosi alifika gereji kwangu Hayes na kiti chake cha kukunja, akakiweka mlangoni, akamimina chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa na kuniangalia nikimfungulia gari lake. Nikimwambia, "Mzee, nenda ukatembee," ananijibu, "Nimeshatembea, Makena. Fanya kazi."

Siku za kazi natengeneza matrekta yanayovuta mizigo uwanja wa ndege. Wikendi ni zangu, na sikuwa nazigawa ovyo. Lakini siku ya kwanza aliyokuja alisimama mbele yangu, mfupi, sweta lake limefungwa hadi shingoni, akasema, "Nimesikia wewe ni wa Meru. Mimi wa Kisumu." Kutoka Meru hadi Kisumu ni safari ya siku nzima, lakini hapa London hiyo inatosha kuitwa jirani. Nikamwambia alete gari nilione.

Alizaliwa Kisumu, juu ya duka la baba yake la misumari na rangi. Alikuja huku akiwa kijana, na familia yake na masanduku yao, na kabla hajazoea baridi akaajiriwa kuendesha basi. Aliendesha basi hadi akastaafu. Nilimuuliza mara moja kama aliipenda kazi yenyewe, akafikiri.

"Ilikuwa kazi nzuri," akasema. "Lakini ukiendesha basi, Makena, kila mtu anakupita. Teksi inakupita. Baiskeli inakupita. Mama anayesukuma mtoto kwenye kigari anakupita, halafu anakupungia mkono."

Hakucheka aliposema hivyo. Alipostaafu alinunua gari la Kimarekani la miaka ya sitini, silinda nane, pua ndefu, rangi ya chungwa, usukani upande wa kushoto. Mke wake, Kalpana, alitaka waweke jiko jipya. Gari likaja kwanza.

Nililiendesha mara moja kuzunguka mtaa, nikarudi nimechukia. Kwenye barabara iliyonyooka lilikwenda kama lina ugomvi na mtu. Kwenye kona lilijilaza ubavu. Ukikanyaga breki lilifikiri kwanza, kisha likavuta upande wa kushoto. Springi zilikuwa zimechoka, bushi za mpira zimekuwa kama mkate uliolowa, na usukani ulikuwa na nafasi kubwa hivi kwamba ungeweza kuuzungusha kidogo na gari lisijue. Magari ya namna hiyo yalitengenezwa kwa barabara zisizo na kona. Nikamwambia hivyo.

"Ndiyo maana nimekuja," akasema. "Nataka Mama Tejal arudi kwenye gari."

Tejal ni binti yao, ana watoto wake sasa, na wazee hawa wawili huitana kwa jina lake: Baba Tejal, Mama Tejal. Miaka yote ya basi hawakuwahi kuwa na Jumapili yao. Jumapili zilikuwa za zamu. Gari lilinunuliwa kwa ajili ya hizo Jumapili, na kwa kipindi kifupi walizifaidi: walitoka kwao Rayners Lane asubuhi, wakapanda vilimani njia ya kuelekea Aylesbury, wakala walichobeba, wakarudi. Kisha siku moja Kalpana alishuka, na hakupanda tena. Ulikuwa unaingia mwaka wa pili.

Kisa chenyewe alinisimulia Rasik, na alikisimulia kwa ufundi. Dereva amekaa kushoto, ukingoni mwa barabara. Mbele kuna lori. Dereva haoni kitu ila mgongo wa lori. Anayeona ni abiria wa kulia, pale ambapo magari yote ya nchi hii, na ya kwetu, huweka usukani. Kwa hiyo kila alipotaka kupita alimuuliza mke wake, "Vipi?" na mke wake alitazama, akasema "Enda" au "Ngoja." Siku hiyo aliuliza vipi. Kalpana akasema enda. Akaenda, na pikipiki ikatokea kwenye bonde la barabara.

Alikanyaga breki, gari likavuta kushoto, likaishia kwenye nyasi. Hakuna aliyeguswa. Mwenye pikipiki akasimama, akavua kofia, akarudi kwa miguu moja kwa moja hadi dirisha la kulia.

"Na akaanza kumtukana Mama Tejal," Rasik akasema, ameshaanza kufuta machozi ya kicheko. "Amekaa hivi, mikono mapajani, hana usukani, hana chochote, na anatukanwa kwa kuendesha vibaya."

Alivyokisimulia kilichekesha, na nilicheka. Kisha nikainua gari.

Ilikuwa kazi ya mwaka mzima wa Jumamosi. Nilitoa breki za zamani magurudumu yote manne, nikafunga za diski. Springi za mbele fupi na ngumu zaidi, za nyuma mpya kabisa, shokomzoba mpya, bushi zote, na vyuma vinene vya kushikilia gari lisilale kwenye kona. Usukani nikaupa boksi jipya linalojibu mara moja. Giaboksi ya zamani ikatoka, ikaingia ya gia tano, nikalazimika kukata upya propela, ule mhimili unaozungusha magurudumu ya nyuma, ili itoshe. Na nyuma nikaweka difu ambayo haiachi tairi moja lizunguke peke yake huku jingine likitazama. Rasik aliuliza juu ya kila kitu, na kila mara swali la mwisho lilikuwa moja: "Hiki Mama Tejal atakisikia?"

"Atakisikia," nilimjibu. Nilikuwa na hakika. Nilijua kasoro za lile gari zote, nilizishika kwa mikono yangu moja baada ya nyingine.

Siku ya kulikabidhi nililipeleka mwenyewe mpaka nyumbani kwao. Kalpana alitoka amevaa sari ya kijani, ameshika sinia. Kwao gari jipya halianzi safari hivi hivi, na yeye alisema kwamba gari lililobadilishwa viungo vyote ni jipya. Akalipaka alama nyekundu kwenye boneti, akavunja nazi kando ya njia, akaweka ndimu moja mbele ya kila tairi. Nilimwona akiinama taratibu, mkono mmoja kwenye goti linalomuuma, akihakikisha kila ndimu imekaa sawa. Rasik akaingia, akasogeza gari, ndimu zikapondeka zote. Kisha akashuka, akazunguka, akamfungulia mlango wa kulia.

Kalpana akachukua sinia lake. "Haya, nendeni salama," akasema. Akaingia ndani.

Rasik alibaki ameshika ule mlango wazi. Aliufunga polepole, kwa mikono miwili. "Labda ni breki bado," akasema.

Hapo hasira zikanipanda. Watu husema sisi Wameru tunazaliwa nazo, na waseme. Mwaka mzima mgongo wangu umelala kwenye sakafu ya saruji, halafu breki. "Breki hazina neno," nikamwambia, na nikamfuata mama ndani bila kukaribishwa.

Alikuwa jikoni, amegeuka dirishani. Lile jiko la zamani bado lilikuwepo.

"Mama, niambie kasoro ya kazi yangu," nikasema.

"Kazi yako haina kasoro, Makena. Nimeliona likija. Halilali tena kwenye kona."

"Sasa mbona hutaki kupanda?"

Akapunguza moto chini ya sufuria. "Yule kijana wa pikipiki hakunitukana," akasema. "Baba Tejal hupenda kusema alinitukana. Alikuwa anatetemeka mpaka hawezi kushika kofia yake. Aliniuliza kwa nini nilitaka kumuua. Sikuweza kumwambia kwamba siendeshi mimi, kwa sababu ni mimi niliyesema enda."

Aliendelea, sauti ile ile, kama anayenieleza njia ya kwenda stesheni. "Kila harusi anakisimulia kisa hicho. Watu wanacheka, na mimi nagawa sahani. Breki ni nzuri, umefanya vizuri. Lakini tukifika nyuma ya lori ataniuliza vipi. Nitamjibu nini?"

Niliwaza kamera ndogo upande wa kulia. Niliwaza kuhamisha usukani wote. Kisha nikaacha kuwaza, kwa sababu hakuwa anazungumzia kitu cha kufungwa kwa spana. Nikamwambia pole.

Nje Rasik alikuwa anafuta maji ya nazi yaliyorukia boneti. Nilisema naye pale pale kando ya barabara, na sikupunguza sauti, jirani aliyekuwa akimwagilia maua na asikie kama anataka.

"Mzee, kile kisa cha pikipiki usikisimulie tena."

"Kwa nini? Watu wanakipenda."

"Mama hakipendi." Nikamweleza yote, neno kwa neno, vile alivyoniambia. Na maneno yangu mwenyewe yakanitoka juu yake: "Wewe ndiye unayetaka kupita, mzee, halafu dhambi unambebesha yeye. Hata ningefunga breki za ndege, asingepanda."

Alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Anasema alikuwa anatetemeka?" akauliza.

"Kijana? Ndiyo."

"Mimi sikuona," akasema Rasik. "Nilikuwa nimeshuka kuangalia bampa."

Nilichukua treni kurudi nyumbani. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Kile kiti chake alikuwa amekiacha gereji, nikakisogeza kila niliposhika ufagio, na nilikasirika kwa kuwa nilikuwa nimezoea viatu vyake mlangoni. Nikajua nimempoteza mzee na sikujuta nilichosema, lakini iliniuma.

Kisha akapiga simu. "Jumapili njoo," akasema. "Mama Tejal amekubali kupanda mara moja tu, lakini anataka na wewe uwepo." Alimwambia nini hadi akakubali, sijui. Walizungumza Kigujarati, tena wakiwa peke yao.

Kiti cha nyuma cha gari lile hakikuwekwa kwa ajili ya mtu mzima. Magoti yangu yalikuwa karibu na masikio. Mbele yangu Kalpana alikaa wima, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Tulitoka mjini, tukaanza kupanda vilima. Kona ya kwanza gari likapita limenyooka kama meza. Ya pili vivyo hivyo. Nilisubiri mtu aseme kitu juu ya springi zangu. Hakuna aliyesema.

Kisha tukakuta lori la farasi.

Lilikuwa na bodi ya mbao, limebeba farasi, linakwenda taratibu ili wasiyumbe. Tukakaa nyuma yake. Ikaja barabara iliyonyooka, wazi, naiona mimi mwenyewe juu ya bega la Kalpana, hakuna hata kuku. Rasik hakuuliza. Ikaja nyingine. Kidole gumba chake kiligonga usukani kidogo, kikatulia. Mwaka mzima wa kazi yangu, giaboksi, difu, silinda nane, vyote vinafuata mkia wa farasi. Niliuma ulimi. Naapa niliuma ulimi.

Kwenye mlima mwendesha baiskeli mwenye nguo za kubana akatupita. Kalpana akageuza kichwa kumtazama mume wake, mara ya kwanza tangu tuondoke.

"Nimezoea," akasema Rasik.

Lori likaingia shambani, tukafika kijiji chenye barabara nyembamba. Upande wetu kulikuwa na gari la mizigo limeegeshwa, kubwa, limeziba njia. Rasik akasimama nyuma yake. Kutoka kushoto alipokaa asingeona kitu hata akitoa kichwa dirishani. Hapo halikuwa tena suala la kuwa na subira. Hapo alihitaji macho ya mtu, na kila mmoja ndani ya gari alilijua hilo. Akakaa, mguu kwenye breki, akitazama mlango wa nyuma wa lile gari la mizigo. Hakuuliza.

Nikasikia pikipiki kabla ya kuiona. Vidole vya Kalpana vikazama kwenye mkoba. Pikipiki ikaja upande wa pili, ikapunguza mwendo ilipoona tumesimama kuipisha, na ilipotufikia mwenyewe akainua mkono wa glavu kushukuru. Alimshukuru aliyekaa kulia, bila shaka. Huko ndiko dereva hukaa.

Kalpana aliachia mkoba, akainua mkono wake, akaushikilia juu hata baada ya pikipiki kutoweka.

Rasik hakusogea. Gari lililokuwa nyuma yetu likapiga honi, likapiga tena. Aliendelea kutazama ule mlango wa mizigo kana kwamba ana siku nzima. Mimi nilikuwa nalia, na sikumficha mtu.

Kalpana akainama mbele, akaitazama barabara mpaka mwisho wake. Akaitazama tena.

"Enda, Baba Tejal," akasema.

Akaachia breki, na tukatoka polepole, kama basi linaloondoka steji.